Sudire tatu juu ya ufa moja

Wiki iliyopita motari moja (dereva wa pikipiki, sisi tunaiita moto) alinikuta ku atelye yangu ya sudire, fasi naunganisha chuma, asubuhi sana, ata bageti (fimbo ya kusudea) ya kwanza sijawasha. Akaniambia, gran, unipigie tu pointi moja hapa, kiliya iko nangojea ku rompwe. Alikuwa ananionesha shingo ya moto, ile fasi tube inatoka chini ya gidoni inashuka mbele ya moteri. Nikapitisha brosi ya chuma, nikatosha rangi na matope, njo nikakuta sudire tatu zimepandana, moja juu ya ingine, kama mutu anabandika plasta juu ya plasta na kidonda chini haijaoshwa ata siku moja. Na ufa ilikuwa palepale, ilikuwa imesha zunguka zaidi ya nusu ya tube.

Nikamuambia mudogo, hii moto inalala hapa leo. Akakasirika, na mi nilimuelewa kabisa juu mwenye moto anangoja verseman yake ya jioni (pesa motari anamuletea kila siku), yeye hana shida na shingo. Lakini ile shingo ikatike mu mwendo, na mama nyuma amebeba mutoto, gidoni inabaki mu mikono na moto inaenda yenyewe. Sikumuachia funguo. Tangu ile siku naiwaza, njo maana nimekaa nandika.

Shida kubwa ya kazi yetu hapa Goma ni kwamba batu banaona ufa kama kitundu ya kuziba. Unaleta chuma, suderi anamwanga moto juu, kunangaa, unalipa, unaenda. Lakini ufa ina fasi ilianzia na ina fasi inaenda, na kama haujatafuta ile fasi mbili haujafanya kitu.

Muangalie vile mama wa bitenge anafanya kule Birere. Akitaka kukupimia metre tatu hakati na makasi mupaka mwisho, anakata kidogo tu ku pembeni, kisha anavuta na mikono, chraaa, kitenge inapasuka yenyewe mustari moja. Pasipo kale kamakasi anaweza vuta ata jasho imutoke. Na chuma iko vile vile. Ncha ya ufa njo ile kamakasi, nguvu yote ya muzigo inakuja kukusanyika pale, na kila fasi moto inaruka juu ya jiwe ya volkano inavuta kidogo. Chuma mara mingi haivunjike juu ya muzigo moja kubwa, inavunjika juu ya muzigo kidogo yenye inarudi mara elfu na elfu, na barabara zetu munazijua, tangu lava ya 2002 kuna fasi mingi tunatembea tu juu ya mawe.

Sasa hiyo kamakasi inatoka wapi? Hapo njo ninaomba mamotari munisikilize vizuri. Ile moto, nilipomaliza kuondoa sudire zote tatu na meleze (mashine ya kusaga chuma na disiki), nikaona ufa ilianzia ku ka feri kadogo kenye mutu alisudeka pale juu ya kushikilia kitu fulani, sijui taa ao kapanye. Ka feri hakana kazi yoyote ya kubeba moto. Lakini pembeni ya kila sudire kunabakiaka kamufereji, chuma inakuwa ngumu pale, na ufa inapenda sana kuzaliwa pale. Kuna jambo ya kweli yenye nawaambiaka ma aprenti wangu kila mara: tarehe 27 mwezi wa tatu 1980, mu bahari ya Kaskazini, upande wa Norvège, kulikuwa nyumba ya chuma juu ya maji, Alexander L. Kielland, wafanyakazi wa mafuta balikuwa banalala mule. Mguu yake moja ilikatika, yote ikapinduka, batu 123 bakakufa. Wakati balichunguza bakakuta ufa ilianzia ku sudire ndogo ya milimetre 6, ya kushikilia ka aparei ka kusikiliza sauti ndani ya maji. Milimetre 6! Haikuwa sudire ya kubeba kitu. Kwa hiyo ukiniomba nikusudee porte-bagaje direct ku kadre nikakatala, usiwaze ni kiburi, nitakutengenezea kola na bolti, inalipa kidogo zaidi, sawa.

Bon, vile ninafanya mimi.

Kwanza natafuta mwisho wa ufa, juu macho inadanganya, ufa inaendaka mbele kushinda vile unaona. Hatuna ile dawa nyekundu ya mafundi wa viwanda, lakini petroli ya taa inafanya kazi. Unasafisha chuma mupaka inangaa, unapakaa petroli, unangoja dakika kumi ao kumi na tano iingie ndani, unapanguza kabisa kukauka, kisha unapakaa unga wa chaki. Ile petroli yenye ilijificha mu ufa inarudi kutoka, inachora mustari mu chaki. Pale mustari inaishia, unaenda mbele kidogo tena, unatoboa katundu ka milimetre 3 ao 4 na perseze. Katundu haina ncha. Ufa ikifika pale inakosa fasi ya kushika. Unatoboa ku ncha zote mbili MBELE ya kuwasha bageti, si nyuma, juu moto ya sudire peke yake inaweza sukuma ufa iendelee.

Kisha unachimba. Hapa njo basuderi wengi banakimbia juu inakula disiki na disiki ni pesa. Unafungua ufa na meleze mupaka inakuwa kama V, unaenda chini mupaka hauoni tena ule mustari mweusi. Ukiacha ata kidogo chini, umefunika nyoka na blanketi. Kwa ile moto nilimaliza disiki moja nzima pale tu.

Juu ya bageti. Mu Birere utapata mingi ya namba 6013, iko rahisi, inawaka na kila posti (mashine ya kusudea), inafanya sudire ya kupendeza, na kwa tube ya moto inatosha, bageti ya 2,5 na ampere 60 mupaka 80 ivi, usichome zaidi juu tube iko nyembamba. Kwa shasi ya kamio (lori) mi natumia 7018. Hizo namba mbili za kwanza zinaonesha nguvu, livre 60.000 ao 70.000 kwa kila inchi ya mraba, lakini sababu yangu si ile peke yake. 7018 ikiwa kavu haiingize idrojeni mingi mu chuma, na idrojeni njo inafanya sudire ipasuke yenyewe kisha masaa, mara ingine kesho yake, we umesha lala. IKIWA KAVU. Ikishakunywa unyevu inakuwa mubaya, na sisi tuko kando ya ziwa, mvua kila siku. Nimeona bale banaianika ku jua. Jua haitoshi, inaomba furu (tanuru) ya degree 300 na kupita, kama lisaa limoja. Mi sina ile furu, kwa hiyo nafungua pakiti siku nina kazi ya kuimaliza, ile inabakia natumia ku milango na madirisha. Na kama posti yako ni ile transfo ya kufunga na mikono, 7018 mara mingi itakukatala, itakuwa inazimika-zimika, inaomba karibu volti 70 mbele ya kuwaka. Si kosa yako, ni posti.

Kitu ingine ni kuran. Magaribi ikishuka, kila mutu amewasha pasi na reshu, volti inaanguka, sudire inalala juu ya chuma kama ugali juu ya sahani, haijaingia. Kwa macho iko muzuri! Ukiipiga nyundo inabanduka. Mi nikiona moto ya bageti inalialia nazima, naambia kiliya tungoje ao alipe esanse ya grupu (jenereta). Na kwa moto ao gari, mbele ya yote unatosha kebo ya batri, na rezervwari ya esanse unaiweka mbali. Rezervwari yenye haina kitu ndani njo mubaya zaidi, ile hewa ya esanse inalipuka.

Kuna bintu sisude. Lame ya rasori, ile chuma ya springi chini ya kamio. Kila wiki mutu ananiletea lame ya kamio imevunjika, muzee unitengenezee, na nakatala. Ile chuma iko na karboni mingi, ilipikwa juu iwe ngumu na irudi, ukiichoma pembeni ya sudire inakuwa kama kioo. Itakatika pale pale karibu, mu mutelemuko. Ununue lame. Fonti (chuma ya kumimina) inawezekana na bageti ya nikeli, ka sentimetre mbili tu kwa mara moja, unagonga kidogo na nyundo ikiwa ya moto, unangoja mupaka mukono inaweza igusa, tena ka sentimetre mbili, kisha unaizika mu majivu makavu ipoe pole pole. Ni kazi ya siku nzima, kiliya wengi hawana ule moyo.

Ku shasi mi mwenyewe nilikosea. Miaka ya kwanza nilikuwa naweka tole (kipande ya chuma bapa) ya mraba juu ya ufa, nasude pande zote ine, naona nimeimarisha. Kamio moja ilirudi kisha miezi mbili, ufa mupya, mustari sawa sawa pembeni ya tole yangu, kwa sudire yenye ilipita kukata shasi. Dereva alikuwa mutu muzima, hakunitukana, alinionesha tu na kidole. Nilirudilia kazi bure. Tangu ile siku tole nakata kama losanje, ncha zinaangalia mbele na nyuma, na sudire inapita kufata urefu wa shasi, midomo ya juu na ya chini siguse na sudire ya kukata.

Ile shingo ya moto nilimaliza kesho yake saa ine. Nilisude pande kwa pande, si mara moja kuzunguka, juu kadre isipinde, kisha nikalainisha pembeni na meleze ule kamufereji uishe. Ka feri ka zamani nilikaondoa kabisa. Nilimuambia motari arudi kisha wiki moja, nitaangalia bure. Nilijua hatarudi, lakini leo asubuhi njo huyu, amekuja na kiliya nyuma, kiliya akaomba isichukue muda. Nikapakaa petroli, nikapanguza, nikaweka chaki, tukangoja batatu tumeinama pale. Chaki ikabaki nyeupe.