Nilivyoshona mavazi ya enzi ya Malkia Victoria kwa mradi wa shule

Malkia Victoria alitawala Uingereza tangu 1837 hadi 1901, na mitindo haikusimama ikamsubiri. Sketi pana kama kengele ni ya miaka ya 1850 na 1860. Kifurushi cha nyuma ya kiuno ni cha miaka ya 1870 na 1880, na mikono iliyofura mabegani ikatamba katikati ya miaka ya 1890. Kuvichanganya ni kumvisha mtoto nguo ya bibi na ya mjukuu kwa pamoja. Kwa hiyo, kabla ya kushika mkasi, nilikubaliana na walimu tubaki mwaka 1860. Mavazi yalikuwa manane: wanawake watatu, wanaume watatu, na watoto wawili wa kimaskini.

Wengi huanzia kwenye lesi. Mimi nilianzia chini ya sketi, kwa sababu umbo lote linatoka huko. Krinolini, fremu ya pete iliyoenea kuanzia 1856, ilitengenezwa kwa chuma chembamba cha springi. Nilitumia bomba jeusi la maji, la plastiki, la nusu inchi. Huuzwa likiwa limeviringishwa, hivyo duara limeshapatikana. Kwa msichana wa sentimita 155 pete tatu zinatosha, zenye mzunguko wa sentimita 160, 220 na 270. Ncha nilizikutanisha kwa kijiti kilichokaza ndani ya bomba, kisha nikazungushia tepu ya umeme.

Pete huning'inia kwenye mkanda wa kiuno kwa tepe sita za pamba: sentimita 28 hadi pete ya kwanza, kisha 25, kisha 25 tena. Tepe mbili za mbele zipunguze sentimita 3, la sivyo ncha ya kiatu itanasa kwenye pete mvaaji anapopanda jukwaani. Funga kwa uzi mnene kila tepe inapokutana na pete. Gundi haishiki bomba hilo. Pete ya chini ina upana wa sentimita 86, basi pima mlango wa darasa mapema. Ukiwa mwembamba, mvaaji ainamishe fremu na kupita ubavu.

Juu ya fremu lazima livaliwe gaguro lenye rinda la sentimita 25 chini. Bila gaguro, pete huonekana kupitia sketi kama mbavu za mbuzi wa kiangazi.

Kitambaa kilikuwa mapazia ya mitumba. Mawili ya sentimita 140 kwa 240 hutoa vipande vinne vya urefu wa 118: vitatu ni sketi, cha nne ni bodisi, yaani sehemu ya juu, pamoja na mikono yake. Kosa lililonigharimu kipande kizima lilikuwa kupima kiuno hadi sakafuni kwa mstari ulionyooka. Nilipata 98, nikakata, na sketi ikapanda hadi juu ya vifundo. Pima ikiwa juu ya fremu na gaguro: ilikuwa 106, ukiacha upindo. Kufinya zaidi ya mita nne kuwa kiuno cha sentimita 64 kwa cherehani hakuwezekani, uzi unakatika. Nilipiga bandi safu mbili kwa mkono, sentimita moja kati yake, mishono ya safu zote mbili ikilingana, nikavuta, kisha nikashikiza kila kikunjo kwenye mkanda.

Bodisi iwe kipande tofauti na sketi, kama ilivyokuwa desturi, ifungwe mbele kwa vifungo. Zipu haikuwa imevumbuliwa. Mshono wa mkono ushuke sentimita 3 chini ya ncha ya bega. Ili kifua kisikunjamane niliingiza kwenye bitana vile vipande vya plastiki vya kufungia nyaya, ncha zikiwa zimechomwa kwa kiberiti zisichome mbavu. Bitana iwe ya pamba. Pazia la poliesta peke yake ni tanuri.

Kwa wanaume, nilikata koti kubwa la suti kiunoni na kuongeza sketi, yaani sehemu ya koti inayoshuka chini ya kiuno, ya sentimita 45 kutoka kwenye suruali ya suti ileile. Ukiunga nyeusi na nyeusi ya suti nyingine, taa zitakuumbua. Suruali za kuvaa zisipigwe mstari wa pasi mbele. Kofia ndefu ni manila mbili zilizogandishwa, kimo sentimita 16, ukingo 5. Tundu lake liwe umbo la yai, maana kichwa si duara. La mviringo hubana paji la uso na kuacha pengo masikioni.

Watoto maskini ndio rahisi: suruali fupi kupita kiasi, kizibao kikubwa, leso shingoni, shali, aproni. Hawahitaji fremu hata kidogo.

Baada ya onyesho, tundika krinolini. Ikilazwa chini ya masanduku, wiki chache tu pete hugeuka mayai, na kuzirudisha ni kuziloweka kwenye maji ya moto.