Bomba Lisilotaka Papara

Mwaka 2017 nilikuwa nimepanga Bugarika, jijini Mwanza, kwenye nyumba iliyobanwa katikati ya mawe mawili makubwa. Tenki la lita 1,000 lilikaa juu ya jiwe moja, kama mita nne hivi kutoka usawa wa sinki la jikoni. Pampu hatukuwa nayo. Siku za mgao maji yalipanda usiku, tenki likajaa, tukayatumia kwa hesabu mpaka zamu nyingine.

Kilichonitesa ni bomba la jikoni. Ukilifungua, maji yanakuja kwa nguvu. Hujahesabu hadi tano, yamenywea yamekuwa uzi. Unafunga kwa hasira, unafungua tena. Nguvu, halafu uzi. Nikalaumu mgao, lakini hata tenki likiwa limefurika hali ilikuwa ileile. Na bafuni, kwa maji ya tenki hilohilo, hatukuwahi kuwa na shida.

Nikang'oa kile kichujio cha mdomoni kwa praizi. Nilikuta mchanga na nyuzi za tepu nyeupe ya mafundi, nikakisugua kwa mswaki mkuukuu, nikakirudisha nikijiona fundi. Wapi! Jirani akanishauri ninunue pampu. Fundi wa kwanza alisimama pale jikoni akaitazama dari muda mrefu, kisha akasema bomba za nyumba nzima zing'olewe, laki tatu na nusu. Nusura nikubali. Mtu akiitazama dari namna ile unaamini kuna kitu anakiona.

Wiki hiyo mama mkubwa akaja kutoka Ukerewe, kashuka kwenye meli na mfuko wa michembe. Siku ya tatu narudi kazini, namkuta anaosha sato, maji yanatiririka vizuri kabisa.

"Shikamoo mama. Kumbe limepona?"

"Marahaba. Nini kimepona?"

"Bomba."

"Kwani lilikuwa linaumwa?"

Nikalifungua mpaka mwisho ili aone. Likanywea palepale. Akajifuta mikono kwenye kanga, akalifunga, akatulia kidogo, akalizungusha robo tu. Maji yakarudi, yakaendelea.

"Baba, bomba lako halitaki papara."

Fundi wa pili nilimpa maneno hayo kama yalivyo. Huyu hata dari hakuiangalia. Alipanda jiweni peku kufunga koki ya tenki, mijusi wenye vichwa vya waridi wakimkimbia, akashuka, akajipenyeza chini ya sinki. Pale kuna koki ndogo, maji yakitoka hapo yanaingia kwenye fleksibo, ule mpira wa kujikunja, kwenda bombani. Akaifungua shingo, akachokoa kwa bisibisi, akanitolea washa nyeusi ya mpira, ndogo kama kifungo cha koti, imelainika na ukingo umelika upande mmoja.

Ilikuwa imechomoka kwenye shina lake, inaogelea humo ndani. Maji yakipita polepole, inalala chini. Ukifungua kwa nguvu, mkondo unaibeba na kuibandika kwenye tundu la kutokea, na msukumo wa maji unaishikilia hapohapo. Ukifunga bomba, msukumo unalingana pande zote mbili, washa inadondoka, na unadhani tatizo limekwisha. Na tenki la mita nne halina ubavu wa kuisukuma ipite. Ili upate msukumo wa bar 1 tu, maji yanatakiwa yatoke juu mita 10 hivi. Basi ningenunua ile pampu, ingeibandika zaidi.

Washa mpya ilikuwa shilingi mia tano. Ufundi, elfu kumi.

Jioni mama mkubwa akaenda kuosha vyombo, akalizungusha robo, kama kawaida yake. Nikamwambia sasa afungue lote, asiogope. Akafungua lote. Ndani ya sinki kulikuwa na upawa umelala chali, maji yakaupiga yakamrukia kuanzia kifuani hadi kwenye kilemba.

"Mwite huyo fundi," akasema, "aje alirudishe lilivyokuwa."