Sitatoa, Nitatoa

Miaka sita iliyopita, katika kamati ya harusi ya binti wa kaka yangu, nilikabidhiwa daftari la ahadi, kazi ambayo katika ukoo wetu hupewa mtu mwenye mwandiko mzuri na anayeaminika kwa fedha, na hakuna aliyefikiria kuuliza kama mtu huyo anasikia. Nilimpigia simu shemeji yangu mmoja aliyeko Korogwe, tukajuliana hali, nikamweleza bajeti, akanijibu, nami nikaandika mbele ya jina lake: 200,000. Jumapili iliyofuata mwenyekiti alisoma orodha kwa sauti, na shemeji, ambaye alikuwa amesafiri alfajiri hiyo hiyo na kuketi mstari wa mbele, akasimama akiwa amekunja uso. Alichokuwa ameniambia ni "Sitaweza laki mbili." Nilichokuwa nimekisikia ni "Nitaweza laki mbili."

Baadhi ya wajumbe walicheka. Shemeji hakucheka. Mzee mmoja alinigusa bega akanikumbusha kwamba sikio la kufa halisikii dawa, methali ambayo watu hupenda kuwatupia wenye masikio mabovu huku wakisahau kwamba inazungumzia ukaidi, si ugonjwa.

Masikio yangu hayakuharibiwa na uzee peke yake. Kwa miaka 14 nilikuwa karani katika shamba moja la mkonge mkoani Tanga, na meza yangu ilikuwa hatua chache kutoka kwenye korona, ile mashine inayoponda na kukwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Wataalamu wa afya kazini huchukulia desibeli 85 za kelele kuwa kikomo kwa siku ya kazi ya saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda salama hupungua kwa nusu, hivyo kwamba penye desibeli 94 mtu anapaswa kuondoka baada ya saa 1. Sikumbuki korona yetu kupimwa hata siku moja. Ninachokumbuka ni kwamba tulizungumza kwa kupigiana kelele sikioni, kwamba jioni masikio yalivuma kama ya mtu aliyekunywa kwinini, na kwamba hatukuwahi kupewa hata pamba ya kuziba. Tulijivuna, kwa kweli. Mgeni akiziba masikio kwa viganja tulimwona mtu wa ofisini.

Baada ya aibu ya kamati nilikwenda kupimwa. Unaingizwa katika kijumba kisichopitisha sauti, unavishwa vipokea sauti, na kila unaposikia mlio, hata ule mwembamba kama wa mbu aliye chumba cha pili, unabonyeza kitufe. Mtaalamu wa usikivu aliniwekea mezani mchoro wenye mistari miwili, mmoja wa kila sikio. Kwa sauti nzito mistari ilitembea juu juu vizuri, karibu na ile ya watu wenye masikio mazima. Ilipovuka hezi 2000, yaani mitetemo 2000 kwa sekunde, ilianza kuteremka, na penye hezi 4000 ikatumbukia shimoni. Shimo hilo, alisema, ndilo alama ya kelele za kazini, na vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyokufa kwa kelele havioti tena. Kisha akanieleza nini hukaa katika shimo lile. Nguvu nyingi ya vokali na ya herufi kama m na n iko chini, mahali ambapo bado nasikia. Herufi s, pamoja na f na sh kwa kiasi chake, huishi juu, na s hasa huishi juu ya hezi 4000.

Hapo ndipo nilipoelewa simu ile. Ukiondoa s katika sitaweza kinabaki itaweza, na akili, ambayo haipendi pengo, hulijaza kwa kile inachokitarajia. Mimi nilikuwa natarajia mchango, kwa hiyo ikajaza n. Simu nayo ilichangia kosa, maana simu ya kawaida imejengwa kupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3400 tu, na hivyo sehemu kubwa ya s hukatwa njiani kabla haijamfikia mtu yeyote, awe mzima au mgonjwa. Mwenye masikio mazima hupata mabaki na kuyakisia vyema. Mimi hata mabaki sikuyapata.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikisikiliza Kiswahili kama fundi anayetafuta bomba linapovuja. Katika wakati uliopita lugha yetu ina huruma: nilikuja na sikuja hutofautiana kwa herufi ya mwanzo, lakini pia kwa ile li iliyotoweka, na kutoweka kwake nakusikia. Wakati uliopo una huruma vilevile, kwa sababu katika ninataka na sitaki vokali ya mwisho hugeuka, na vokali ni mali yangu. Katika wakati ujao kinga hizo zote huondolewa. Nitalipa, sitalipa. Utakuja, hutakuja. Ataleta, hataleta. Kinachotenganisha kukubali na kukataa ni s au h, herufi mbili ambazo kwa sikio kama langu ni pumzi tu, na ahadi zote za binadamu, za harusi, za mkopo, za fundi atakayekuja kesho asubuhi, husemwa katika wakati huo huo. Kiziwi wa aina yangu huishi katikati ya watu wakarimu kupita kiasi.

Nasema kiziwi kwa utani wa nyumbani. Viziwi wanaotumia Lugha ya Alama ya Tanzania wana lugha kamili isiyohitaji sikio la mtu. Mimi ni mtu wa lugha ya mdomo anayeipokea ikiwa na matundu.

Mashine zangu nilizifuata Dar es Salaam. Walimu wa elimu maalumu huziita shimesikio, jina zuri, lakini mtaani kwetu Ngamiani ni mashine za masikio na basi. Jozi iligharimu shilingi milioni 2 na laki 4, fedha niliyokuwa nimeitenga kuezekea nyumba upya, na paa halijaezekwa mpaka leo. Watu hutarajia nisimulie jinsi nilivyosikia ndege wakiimba. Nilichosikia kwanza ni taya zangu mwenyewe zikitafuna kashata, halafu kandambili za mke wangu kutoka uani, halafu jokofu, ambalo sikujua kwamba lina la kusema. Karatasi zilikuwa mateso. Mtaalamu alikuwa amenionya kwamba ubongo uliozoea ukimya huchukua wiki kadhaa kuamua tena nini ni sauti na nini ni takataka, na ilinichukua karibu miezi 2.

Kuhusu s, mashine ilipewa maelekezo ya kuiteremsha: sauti za juu kabisa ambazo sikio langu haliwezi tena kuzipokea huhamishiwa chini kidogo, mahali penye vinyweleo vilivyo hai. Matokeo yake, kwa majuma ya mwanzo, sita ilikuwa shita na saba ilikuwa shaba, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilisomwa na mtu mwenye kithembe. Sasa siisikii tena tofauti hiyo. Nimeikubali kuwa ndiyo s.

Kuziweka hai katika mji wa pwani ni kazi ya peke yake. Zangu hukaa nyuma ya sikio, na sauti hupita katika mrija mwembamba hadi kwenye kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la tundu la sikio langu. Wakati wa masika mvuke huganda ndani ya mrija, tone moja tu kama la machozi, na tone hilo latosha kuziba dunia. Nina kipulizo kidogo cha mpira cha kulisukuma nje, na usiku mashine hulala ndani ya kopo la siagi ya karanga lenye kifuniko cha kukaza, juu ya punje za kukausha unyevu ambazo hubadilika rangi zinapochoka. Betri ni zile ndogo zenye kibandiko cha rangi ya chungwa, namba 13. Hutumia hewa kufanya kazi, ndiyo maana zina vitundu mgongoni, na ukishabandua kile kibandiko hakuna kurudi nyuma: itaisha hata ukiiacha kabatini. Nimejifunza kuibandua, kuiweka kiganjani ivute hewa kwa dakika moja au mbili, ndipo niitumbukize. Kabla sijajua hilo nilikuwa naziingiza papo hapo, zinakufa mapema, namlaumu muuza duka.

Msikitini nimewahi kukaripiwa na kijana aliyedhani nasikiliza mpira wakati wa hotuba. Nilimwonyesha, akaomba radhi, na nikamsamehe kwa urahisi kwa sababu alikuwa amekosea kwa nia njema. Ukweli ni kwamba hotuba yenyewe nilikuwa siisikii. Hili ndilo jambo ambalo wenye masikio mazima hawalijui. Mashine haichagui kama unavyochagua wewe. Inakuza sauti ya khatibu, na feni, na bodaboda nje, na mwangwi wa vipaza sauti ukutani, vyote kwa pamoja. Na umbali ni adui mkubwa kuliko kelele: mahali pa wazi, kila unapouongeza maradufu sauti hupungua desibeli 6, wakati feni iliyo juu ya kichwa chako haikusogea. Mtu akiwa mita moja mbele yangu namsikia karibu sawa na wewe. Akiwa mita nane, mashine ya milioni 2 inanisomea feni.

Dawa ya umbali ipo, na ni ya zamani. Mwaka 1937, huko Uingereza, Joseph Poliakoff alisajili hataza ya mfumo wa kitanzi cha waya: sauti ya kipaza sauti hupitishwa katika waya uliozunguka chumba, waya hutengeneza uga wa sumaku, na koili ndogo iliyomo ndani ya mashine ya sikio huunasa na kuugeuza sauti tena, bila feni na bila mwangwi, kama vile msemaji ameweka mdomo sikioni. Mashine zangu zilikuwa na koili hiyo tangu siku ya kwanza. Ilikuwa imezimwa. Niligundua katika kijitabu cha maelekezo, mwaka wa pili, mahali palipoandikwa T.

Mpwa wangu ni fundi redio katika barabara moja ya Ngamiani, na nilipomchorea jambo hilo alisema, "Mjomba, hiyo ni spika isiyo na karatasi tu, tuijaribu." Jaribio la kwanza alizungusha waya mnene wa nyumba mara moja pembezoni mwa sebule, akauunganisha na amplifaya ya gari, na baada ya dakika chache tukasikia harufu. Waya mnene na mfupi hauna ukinzani wa kutosha. Kwa amplifaya ilikuwa sawa na kugusanisha nyaya zake zenyewe. Mara ya pili alileta waya mwembamba wa shaba wa kusukia mota, akaupitisha chini ya zulia mizunguko 3, kama mita 48, akipima kila mzunguko kwa tesita mpaka ikasoma omu 4 na kidogo. Nikaketi kwenye kiti changu, nikabonyeza T. Kwanza nilisikia mngurumo mzito wa umeme wa ukutani, ambao haujaondoka mpaka leo. Halafu, juu ya mngurumo huo, mtangazaji wa mpira akasema, "Simba hawatasawazisha," na s ilikuwepo, mahali pake, kali kama wembe. Nilinyanyua mkono. Mpwa alidhani nimepigwa shoti.

Nimewapendekezea wazee wa msikiti wetu waya wa namna hiyo chini ya busati la safu mbili za mbele. Wamesema watalifikiria. Niliwaomba waliandike.

Simuni nina pia ile programu ambayo Google iliitoa mwaka 2019, inayogeuza maneno kuwa maandishi papo hapo. Kwa Kiswahili cha taarifa ya habari inafanya vizuri kunishinda. Kwa mabishano ya kamati, watu wanne wakisema kwa pamoja na mmoja wao akichanganya Kisambaa, huandika mambo ambayo ningeona haya kuyasoma mbele ya wakwe. Naitumia benki na hospitali, kwenye kioo cha dirisha la huduma, na inanitosha.

Kwa daftari la ahadi nimepata njia nyingine. Zamani nilikuwa narudia jibu la mtu ili nihakikishe: "Kwa hiyo hutatoa?" Naye hujibu, "Ndiyo," yaani ndiyo, sitatoa, na kama sikuisikia h yangu mwenyewe niliyoitamka, tumerudi pale pale. Sasa naliondoa swali katika wakati ujao kabisa. Nauliza, "Niandike au niache?" Andika na acha hata kwenye simu mbovu havifanani.

Mwezi uliopita tulikuwa na kamati nyingine, ya mtoto wa shemeji yule yule safari hii, na daftari likaletwa kwangu kwa sauti ya pamoja, nadhani kwa kunichokoza. Nilipofika kwake niliweka kalamu tayari nikauliza, "Shemeji, niandike au niache?"

Akaniangalia masikio yote mawili, moja baada ya jingine. "Andika elfu hamsini," alisema, "kisha uzime hizo mashine kabla hujasikia laki."