Bwana Harusi Anayemwosha Bibi Harusi

Sura ya tano ya Waraka kwa Waefeso husomwa mara nyingi katika ndoa za Kikristo hapa Malindi, na wahubiri wengi hutua kwenye utii wa mke, kisha huupita mbio mzigo aliotwishwa mume, wa kupenda kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Wiki hii nimekwama mbele kidogo, kwenye aya ya 26 na ya 27, ambapo Kristo analisafisha Kanisa kwa maji katika neno ili ajiletee mwenyewe Kanisa lisilo na ila wala kunyanzi.

Kilichonikwamisha ni harusi ya jirani zetu wa mtaa wa Shela. Juzi nilikaa chumbani na akina mama, nikimtazama somo, yule mwanamke anayemwandaa bibi harusi, akimsinga binti mkono mmoja, kuanzia begani hadi vidoleni, chembe za singo, ule unga wa manukato wa kusugulia mwili, zikidondoka mkekani na harufu ya liwa na asumini ikituzunguka. Nilimuuliza kama bwana harusi anaijua kazi yote ile.

"Atajulia wapi, mwanangu?" akacheka. "Yeye huletewa mke ashapambwa."

Ndivyo desturi ilivyo, nami naipenda. Kwa Paulo, hata hivyo, bwana harusi hangoji kuletewa. Kazi ya somo ameishika mwenyewe, na anampenda bibi harusi angali na uchafu wake. Ezekieli, katika sura ya 16, alikwisha kumwonyesha Mungu akiiosha Yerusalemu damu yake, akiipaka mafuta na kuivika viatu.

Nao uchafu upo. Nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga hapa mwaka 1498, ingali na msalaba wake, na Wareno wenye msalaba huohuo waliichoma Mombasa mwaka 1505. Hiyo nayo ni habari ya bibi harusi, yaani Kanisa, wala sioni sababu ya kuikwepa majirani wanapoitaja. (Siku hizi tunagombania sare za kwaya.)

Ufunuo 19 unasema mke wa Mwana-Kondoo amejiweka tayari; aya inayofuata inasema amepewa kujivika kitani safi, ambayo ni matendo ya haki ya watakatifu. Nasoma hivi: nguo hutoka kwa bwana harusi, na kuivaa kumeachiwa Kanisa. Alhamisi nitalileta jambo hili jumuiyani, ambako katekista wetu, anayeshikilia kwamba hata kuvaa tunavishwa, hatakubali upesi.