Visa ya fundi, si visa ya nyumbani: kazi yangu Maskati

Wakala wa Unguja alinisimulia mambo mazuri matupu. Duka la mabuibui Maskati linatafuta fundi cherehani, mshahara riyali 120 kwa mwezi, nyumba na tiketi juu ya arbabu, yaani mwajiri. Nikamuuliza visa itaandikwa kazi gani.

"Dada yangu, itatoka ya kazi za ndani, ndiyo nyepesi. Ukishafika utashona tu."

Nikamwambia basi, hiyo ampe mwengine.

Nyumbani walinishangaa. Riyali moja ya Omani inapita dola mbili na nusu, na mimi kwetu Wete, Pemba, nilikuwa nashona sare za skuli kwa pesa ya kubahatisha. Lakini nilikuwa namjua msichana wa Chake aliyekwenda kwa njia hiyohiyo. Visa ilisema mtumishi wa nyumbani, yeye akawekwa dukani. Wakaguzi walipopita, aliyeonekana mkosaji ni yeye, kwa sababu alikutwa anafanya kazi isiyokuwa yake kwa mtu asiyekuwa kafili wake, yaani mdhamini wa visa yake. Alirejeshwa, na mishahara aliyokuwa anadai ikabakia hukohuko. Watu wa mtaani walisema hana bahati. Mimi niliona bahati haimo.

Sheria ya kazi ya Omani iliyopo sasa ilitoka kwa Amri ya Sultani namba 53 ya 2023. Humo mna saa za kazi, likizo, malipo ya saa za ziada, kiinua mgongo, vyote. Watumishi wa nyumbani hawamo. Wao wana kanuni zao mbali. Kwa hivyo lile neno dogo kwenye visa, fundi au mtumishi, ndilo linaloamua ukipata shida utashika kitabu gani. Mawakala wanalijua hilo vizuri kuliko wanavyojifanya.

Nafasi ya kwanza ikapotea kweli. Nikaendelea na sare zangu mpaka ikaja nyengine, kwa wakala mwengine aliyesajiliwa, na hii ilikuwa visa ya fundi cherehani. Mkataba ulikuja kwa Kiarabu na Kiingereza. Nikaupeleka Jadida, barazani kwa ami yangu, ambaye Kiarabu amekisoma akakitafuna. Akaniambia Kiingereza tukiweke pembeni, mzozo ukitokea kule karatasi itakayotazamwa ni ya Kiarabu. Akavaa miwani, akaanza kusoma mstari kwa mstari huku kidole kinamfuata.

Alisimama kwenye mshahara. Ile 120 ilikuwa imegawiwa: 70 mshahara wa msingi, 50 posho.

"Unaona hapa? Hii hamsini wanaweza kukupa kila mwezi na usiwe na neno. Lakini siku ya kuondoka, kiinua mgongo kinapigwa kwenye sabiini. Na saa za ziada pia, kwenye sabiini."

Kwa sheria ile, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka uliofanya kazi. Mkataba wa miaka miwili, kwa hivyo, ulikuwa umeshanipunguzia pesa kabla sijapanda ndege. Chini zaidi wameandika miezi sita ya majaribio, na sheria haikubali zaidi ya mitatu. Nikampigia wakala. Alinuna, akasema fundi wa Pemba ana maneno kama wakili, lakini mkataba ulirudi umebadilishwa: 95 msingi, 25 posho, majaribio miezi mitatu. Ndio uliopelekwa Kamisheni ya Kazi, Zanzibar. Kopi moja nikamwachia mama, nyengine nikaipiga picha nikajitumia mwenyewe kwenye WhatsApp.

Maskati nilipokelewa vizuri, sina budi kusema. Mama yake arbabu alizaliwa Malindi, Unguja, na Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Wiki ya kwanza arbabu aliomba pasipoti aiweke kwenye sefu pamoja na za wenzangu.

"Pasipoti nitakaa nayo mwenyewe, arbabu. Kopi ya rangi hii hapa."

"Wote wameweka kwangu. Au huniamini?"

"Nakuamini. Lakini sheria inataka niandike kwa mkono wangu kuwa nimekubali, na mimi sijaandika."

Bi Mkubwa, yule mama yake arbabu, akacheka pale alipokaa: "Mwache huyo, Mpemba." Yakaisha hapo.

Lakini mapenzi yale ya Bi Mkubwa ndiyo yaliyonipa kazi kubwa kuliko ukali wa mtu yeyote. Ijumaa nakula kwake wali na samaki wa kukaanga, ananiita mwanangu, ananipa udi. Sasa mtu kama huyo utamwambiaje kuwa mwanawe ana deni lako? Mwarabu asiyejua Kiswahili ungemdai bila haya. Wenzangu wawili kutoka Unguja walinyamaza mpaka mkataba ukaisha kwa sababu hiyo tu, na mimi siwacheki.

Ramadhani ndiyo ilinifungua mdomo. Kwa Muislamu, sheria inaweka saa sita kwa siku, 30 kwa wiki. Na Ramadhani ndiyo msimu wa mabuibui. Baada ya tarawehe duka linajaa, tunashona mpaka karibu na daku. Tangu siku ya kwanza nilikuwa na daftari la skuli, nalificha chini ya kitambaa: tarehe, saa niliyokaa kwenye cherehani, saa niliyonyanyuka. Saa ya ziada ya mchana inaongezwa asilimia 25, ya usiku asilimia 50. Sikukuu ilipopita mshahara ukaingia benki kama ulivyo siku zote, bila ya kitu juu yake.

Sikwenda kwa Bi Mkubwa, na kwa arbabu pia sikuanza. Nilikwenda kwa mhasibu, Mhindi wa Kerala, mtu wa hesabu tu. Nikamfungulia daftari. Akapiga kalkuleta yake, akanitazama, akasema, "Hii nitaipeleka mimi." Nadhani alijua kuwa nikienda Wizara ya Kazi nitaulizwa ushahidi, nao nilikuwa ninao. Nililipwa kwa mafungu mawili, na nikaomba yaingie benki, si mkononi. Arbabu alininunia kidogo. Ijumaa samaki alikuwepo kama kawaida.

Mkataba ulipokwisha sikutaka kuongeza. Niliarifu mapema kwa maandishi. Siku ya hesabu wakaniletea karatasi ya kukiri kuwa nimepokea haki zangu zote, nisaini, pesa zitaingia kesho. Nikasema basi na mimi nitasaini kesho. Pesa ziliingia keshoye adhuhuri: riyali 190 za kiinua mgongo, na likizo ambayo sikuichukua. Nikaonesha ujumbe wa benki, nikachukua kalamu, nikasaini. Tiketi ya kurudi waliikata wao.