Siku moja kwenye barafu ya Mlima Stanley, Rwenzori

Saa tisa usiku tunaamka katika kibanda cha Elena, mita 4,541 juu ya usawa wa bahari, tunakunywa uji na kuvaa mikanda ya kupandia kwa mwanga wa taa za kichwani. Ninasomea shahada ya uzamili katika haidrolojia, na nimekuja upande huu wa Uganda kujifunza namna ya kutembea, kujifunga kamba na kuokoana juu ya barafu, kwa kuwa asiyeyajua hayo hawezi kuifikia barafu anayotaka kuipima.

Saa kumi alfajiri tunaanza kupanda miamba yenye utelezi, na tukifika ukingoni mwa barafu tunafunga kramponi, yaani meno ya chuma ya kuvaa chini ya viatu. Tunakwenda wanne kwenye kamba moja. "Dada, kamba isilegee," ananikumbusha kiongozi wetu Mkonzo, maana kamba iliyolegea humwacha anayetumbukia kwenye ufa apate kasi ambayo wenzake hawawezi kuihimili.

Jua linachomoza karibu saa moja, na hapo mafunzo yanaanza. Tunajirusha mtelemkoni na kujizuia kwa shoka la barafu, kifua kikiligandamiza na ncha yake ikichimba, hadi mikono inakufa ganzi. Kisha tunafunga nanga kwa skrubu mbili za barafu. Skrubu hiyo ina uwazi ndani, na unapoizungusha barafu hutoka kupitia tundu lake: ikitoka ngumu na kavu, nanga inaaminika, ikitoka chengachenga zenye maji, unaichomoa na kutafuta mahali pengine. Kwenye nanga tunafunga kapi na vitanzi vya prusik, yaani vitanzi vya kamba nyembamba vinavyobana kamba kuu vinapovutwa, ili kumvuta mwenzetu anayening'inia chini ya ukingo; kila mita 3 za kamba tunazovuta humpandisha mita 1, jambo linalowawezesha watu wawili kumtoa mtu mzito kuliko wao.

Saa tatu asubuhi tunashika keekee ya mkono na kutoboa shimo la kusimika bomba la plastiki. Atakayerudi atapima urefu uliojitokeza juu ya barafu, na tofauti yake na kipimo chetu itaonyesha unene ulioyeyuka. Sentimita 100 za barafu ni takribani sentimita 90 za maji. Vipimo hivi havina muda wa kusubiri. Mwaka 1906, mpanda milima Mwitalia, Duke wa Abruzzi, alipofika hapa, barafu ya Rwenzori ilifunika takribani kilomita za mraba 6.5, kufikia mwaka 2003 haikufika kilomita 1 ya mraba. Inaniuma kwamba wataalamu wa Afrika Mashariki wenye ujuzi wa kamba bado ni wachache, hali barafu yenyewe iko kwetu.

Saa tano ukungu unapanda kutoka mabondeni, nasi tunageuka.

Alasiri kibandani tunaanika kamba, tunanoa meno ya kramponi na kunakili vipimo kwenye daftari la pili, litakaloshuka na mpagazi mwingine endapo la kwanza litalowa. Jioni kiongozi ananifunga kitambaa machoni na kunitaka nifunge fundo la prusik nikiwa nimevaa glavu, kwa sababu kesho tunapanda barafu ya Margherita, ambako mteremko ni mkali na nyufa ni nyingi zaidi.