Siku moja maishani mwangu: nawashonea mashetani nguo

Saa tano asubuhi simu ya mama inaniamsha. Hapa Los Angeles jua limeshapanda. Kwao Mombasa ni saa tatu usiku na ameshakula. Anauliza swali lake la kila Oktoba: "Mwanangu, bado unawashonea mashetani?" Ndiyo mama, bado. Tangu Septemba kazi yangu ni kushona, kuchakaza, kufua na kurekebisha mavazi ya waigizaji wa nyumba za vitisho, zile ambazo wageni hulipa kupita ndani gizani wakitishwa, kwenye bustani moja ya burudani hapa Kusini mwa California. Wengi wakisikia Halloween, sikukuu ya vitisho ya mwisho wa Oktoba, hufikiria watoto na peremende, na wakisikia ninachofanya huona ni mchezo. Basi leo nawaandikia siku moja, Ijumaa iliyopita, kama ilivyokuwa.

Saa sita na nusu niko barabarani. Foleni, jua kali, maandazi mawili mkononi.

Saa saba mchana nafungua chumba cha mavazi. Nguo zimening'inia safu kwa safu, kila moja na namba yake. Kila mhusika ana waigizaji wawili wanaopokezana usiku kucha, maana hakuna binadamu anayeweza kuruka gizani akipiga kelele kwa saa saba mfululizo. Mimi nina nyumba mbili chini yangu. Moja imetokana na filamu, na siitaji kwa sababu nimetia saini mkataba wa kutunza siri. Ya pili imebuniwa na watu wetu wenyewe kuanzia ukuta hadi kifungo.

Tofauti ya nyumba hizi mbili mgeni haioni, lakini mikono yangu inaijua. Nyumba ya kwetu, nguo ikichanika naishona ninavyoona, na mara nyingi inatoka nzuri kuliko ilivyokuwa. Nyumba ya filamu ina kitabu. Wenye filamu hawakodishi jina peke yake. Wanakuja na picha za kila upande, rangi za vitambaa, idadi ya vifungo, damu iko wapi na imekauka kiasi gani. Mhusika haruhusiwi kusema neno ambalo halijakubaliwa. Na ukitaka kubadilisha chochote, kwanza unaomba kibali.

Saa nane na nusu akaja mwakilishi wa wenye filamu.

Alikuja na kompyuta yake ya mkononi, akafungua picha moja ya filamu aliyoisimamisha katikati, akaiweka karibu na koti la mhusika mkuu. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema tundu la begani limekuwa kubwa. Kwenye filamu lina upana wa vidole vinne. Letu limefika sita. Kweli lilikuwa limefika sita. Wiki tatu za kurukaruka usiku, kitambaa gani kisichopanuka? Akasema na mkono wa kushoto umepauka. Kweli ulikuwa umepauka, tunafua kila usiku. Nikamuuliza kama koti lingine la akiba linaweza kutumika leo. Hapana, lile halijaidhinishwa. Nikamuuliza naweza kulitengeneza hili kwa saa ngapi. Akaangalia saa yake. Lango linafunguliwa saa moja usiku, na yeye anataka kuliona tena saa kumi na moja.

Sikukasirika naye, ana kazi yake kama mimi nilivyo na yangu. Nikaweka maji jikoni.

Siri yangu ni majani ya chai. Rangi ya dukani inakaa juu ya kitambaa na taa za zambarau zikiipiga inaonekana kama plastiki. Chai inaingia ndani ya nyuzi. Nachemsha majani mengi mpaka maji yawe meusi, natia chumvi, nazamisha mkono wa koti na kuukandamiza kwa kijiko cha mbao. Mahali panapotakiwa pawe peusi zaidi napaka kwa mswaki. Likishakauka napitisha msasa kwenye kiwiko na pindoni, taratibu, kwa sababu ukizidisha pumzi moja tu umetoboa.

Tulipokuwa tunasubiri rangi ikolee, kijana mwanafunzi aliyeletwa kwangu wiki hiyo aliuliza kwa nini mkono mmoja wa koti uwe na kelele zote hizi. Nikamwambia vaa glavu, koroga, nikueleze.

Nikaanza na Jason, muuaji maarufu wa filamu za kutisha za Friday the 13th. Filamu ya kwanza ilitoka 1980, na Victor Miller ndiye aliyeandika muswada wake. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976 inamruhusu mwandishi kurudisha haki zake baada ya miaka 35, akadai. Yeye na watayarishaji wakaburutana mahakamani, mwaka 2018 jaji akampa haki, na 2021 mahakama ya rufaa ikakubali. Lakini kwenye filamu ile ya kwanza muuaji ni mama yake Jason! Ile barakoa ya mlinda mlango wa hoki aliivaa kwenye filamu ya tatu, 1982. Kwa hiyo hadithi ya mwanzo imerudi kwa mtu mmoja, na barakoa ambayo dunia nzima inaijua imetoka kwingine. Wewe mwenye bustani unataka kujenga nyumba, utabisha hodi mlango gani?

Akauliza, na Frankenstein? Riwaya ya Mary Shelley ni ya 1818, ni ya kila mtu. Lakini kile kichwa bapa cha jitu lake, chenye vyuma shingoni, ni kazi ya fundi wa vipodozi Jack Pierce kwa filamu ya 1931, na filamu ile ni ya studio ya Universal. Ukitaka jitu la kuungwaungwa, lishone mwenyewe na ulipe sura yako. Na zombi je? Mwongozaji George Romero alipotoa filamu ya Night of the Living Dead mwaka 1968, jina la filamu lilikuwa limebadilishwa mwishoni, na katika kubadilisha tamko la hakimiliki likaachwa nje. Kwa sheria ya siku zile kosa hilo lilitosha filamu kuwa mali ya umma. Maiti wake wanaotembea wanaweza kuingia bustani yoyote bila kulipa.

Ndiyo sababu majina yanagombaniwa. Bustani ya Knott's, hapa Buena Park, California, ilianza usiku wake wa vitisho mwaka 1973, na umaarufu wake ilijijengea kwa mazimwi yake yenyewe. Universal, ambayo nayo ina bustani zake, mwaka 2007 ikawakusanya wauaji wa filamu Freddy, Jason na Leatherface kwa mkupuo mmoja, na tangu hapo mabango yakabadilika: mtu ananunua tiketi kwa jina analolijua kabla hajaona mlango. Tamthilia ya Stranger Things ilikuwa na nyumba Universal mwaka 2018. Mwaka 2024 jina hilo hilo likawa kwenye bustani za Six Flags. Leseni ina mwisho wake, jirani anasubiri, na kila msimu kuna nyumba inayobomolewa ikiwa bado nzima kabisa. Nimeshawahi kufungasha mavazi ya msimu mzima kwenye maboksi kwa sababu ya karatasi moja iliyokwisha muda.

Saa kumi na moja kasorobo koti lilikuwa limekauka. Tundu nililirudisha kwenye vidole vinne kwa uzi mwembamba, mshono ukiingia ndani usionekane. Mwakilishi akarudi, akafungua picha yake, akapima kwa macho, akalishika. Akalinusa pia. Akasema sawa. Neno moja tu, na mgongo wangu ukalegea.

Waigizaji wakaja, wakavaa, zipu, vipodozi, maji, wakaenda. Saa moja usiku lango likafunguliwa na mayowe ya kwanza yakaanza kupita ukutani.

Saa ngapi baada ya hapo, labda saa tatu na nusu, redio ikaniita. Nyuma ya ukuta wa chumba cha nne nikamkuta mwigizaji wa koti lile ameketi sakafuni, anatetemeka. Mgeni mmoja alitaka kumvua barakoa ili apate video, alipokwepa akamdaka mkono. Mkono wa koti ulikuwa unaning'inia kwenye nyuzi mbili. Mkono ule ule! Walinzi walikuwa wameshamtoa mgeni nje, na nilimsikia akilalamika kwa sauti kwamba amelipa pesa yake, kwamba hawa wanatakiwa kugusana na watu, kwamba ni nguo tu.

Ni nguo tu. Ndani yake alikuwamo kijana wa miaka ishirini na alama nyekundu kwenye kifundo cha mkono.

Nikampa maji kwanza. Nikamwambia apumzike, mwenzake aingie zamu mapema na koti lake mwenyewe, ambalo mchana lilipita bila neno. Akasema atarudi, nimshonee hapo hapo. Basi nikavaa taa ya kichwani, nikapiga magoti, nikashona kwa sindano iliyopinda juu ya mwili wake huku mashine ya moshi ikitumwagia na kengele ya ukutani ikilia kila baada ya sekunde kadhaa. Sindano ilinichoma mara mbili. Vidole vinne begani, mshono uingie ndani. Watu wanapiga mayowe upande wa pili wa ubao, na mimi nahesabu vidole.

Baada ya hapo sikumbuki saa. Kuna zipu zilikwama. Kuna kiatu kilichopoteza soli, kuna damu bandia iliyomwagika juu ya mavazi matano kwa pamoja. Nilikula ndizi nimesimama. Miguu ilivimba mpaka nikalegeza kamba za viatu.

Lango lilifungwa saa nane usiku. Nguo zilirudi zimelowa jasho na harufu ya moshi, nikazigawa: za kufua, za kupulizia dawa, za kushona kesho. Wa mwisho kuingia alikuwa yule bibi kizee wa nyumba yetu wenyewe, mwigizaji wake ni kijana mrefu, mpole. Shela lile nililikata mimi bila kitabu cha mtu. Ndani ya kola, pasipoonekana, nimemwekea kipande cha kanga ya zamani ya mama, kitambaa kigumu kisimkwaruze shingo. Alilivua polepole, akageuza kola, akanionyesha kanga imeanza kufumuka pembeni. Akaniomba nisiitoe. Nikaitia pini na kuiweka juu ya rundo la kesho, ya kwanza.

Saa tisa kasoro niko kwenye gari, mikono inanuka chai. Nikamtumia mama ujumbe kwamba tumemaliza. Kwao ni mchana. Akajibu: "Umekula?"